Mashariki ya Mbali ya nani? Far East Family Band, disiki kwa disiki



Ku mkutano wetu wa mwisho mukubwa mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Weye, mutu wa Bukavu, hizi disiki za Wajapani unazikusanya juu ya nini?" Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Nilimujibu kwamba kila mutu ana ugonjwa wake. Lakini hilo halikuwa jibu, na tangu siku ile swali limekaa na mimi. Leo nalijibu kwa maandishi, maana jibu ni refu. Na tena siyo jibu la kujitetea tu, juu kuna maneno ya kusema kuhusu hizo disiki zenyewe, zile nzuri na zile ambazo ningeweza kuishi bila kuzinunua.

Nianze na redio. Watu wa umri wangu wanakumbuka matangazo ya vifo wakati inchi ilikuwa bado Zaire. Mtangazaji alikuwa anasoma polepole: familia fulani, ya avenue fulani, yenye huzuni kubwa, inawajulisha ndugu, jamaa na marafiki. Nyuma ya sauti yake kulikuwa muziki usio na maneno wala ngoma. Ilikuwa sauti moja ndefu inayopanda na kushuka, sawa upepo wa ziwa saa ya jioni. Mwaka 1990 muziki huo ulipigwa nyuma ya jina la baba yangu. Nilikuwa na miaka 13. Jina lenyewe lilisomwa vibaya, na mama alisikitika kwa hilo siku nyingi, lakini mimi kilichobaki ndani ya masikio ni ule muziki.

Ilipita miaka kumi na zaidi mbele nijue ni nini. Nilikuwa kwa mwenzetu mmoja wa promosheni, akaweka kaseti wakati tunasahihisha memwari yake, na mara nikasimama. Ni wimbo ule ule. Juu ya kaseti kuliandikwa Kitaro, Silk Road. Nikauliza: huyu Kitaro ni nani? Akasema ni Mjapani, ndiyo tu alijua.

Sasa nawaambia ninachokijua. Kitaro ni jina la kutaniwa. Jina lake la kuzaliwa ni Masanori Takahashi, mtu wa Toyohashi, alizaliwa mwaka 1953. Muziki ule aliutunga kwa ajili ya filamu za televisheni ya taifa ya Japani, NHK, kuhusu njia ya zamani ya hariri, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1980. Kutoka pale muziki ulisafiri dunia nzima na ukaingia kila fasi: hoteli, vyumba vya wagonjwa, na kwetu matangazo ya vifo. Mwaka 2001 alipewa Grammy. Yote hayo yanajulikana. Kilichonishangaza mimi ni kitu kingine: mbele ya kuwa Kitaro wa upepo na hariri, huyo kijana alikuwa anapiga kinanda ndani ya kundi la roki. Watu sita, nywele mpaka mabegani, vikuza sauti vikubwa nyuma yao. Kundi lilikuwa linaitwa Far East Family Band.

Njo fasi ugonjwa ulianzia. Nilitaka kujua ile sauti iliyomuzika baba yangu ilitoka wapi.

Kwa wale ambao hawajazoea: roki progresivu ni roki iliyokataa wimbo wa dakika tatu. Ilizaliwa Uingereza mwisho wa miaka ya 1960, na makundi sawa King Crimson, Yes, Genesis na Pink Floyd. Wimbo mmoja unaweza kujaza upande muzima wa disiki, vinanda vinapewa kazi kubwa kuliko kawaida, na wapigaji wanataka usikilize umekaa, siyo umesimama. Wajapani waliipokea mapema na kwa bidii. Hata leo duka la Disk Union, kule Shinjuku ndani ya Tokyo, lina sehemu yake nzima kwa aina hiyo ya muziki tu. Mwenzetu aliyepata bursi ya kusoma Japani aliingia mule kwa kunitafutia vitu vyangu, akaniandikia kwamba aliona aibu, juu muuzaji alianza kumuuliza maswali ya kitaalamu na yeye alikuwa tu amebeba karatasi yangu.

Disiki zenyewe siyo mingi. Ukihesabu na ile ya kundi lililotangulia, ni tano: moja ya mwaka 1973, kisha nne kati ya 1975 na 1977. Mtu mwenye makuta anaweza kuzimaliza kwa wiki moja. Mimi ilinichukua miaka saba. Kuna bahasha iliyofika Kigali kwa posta, ikapanda basi mpaka Kamembe, ikavuka Rusizi ndani ya mkoba wa binamu yangu chini ya vitenge. Kuna nyingine ambayo haikufika kamwe, na aliyenitumia anaapa kwamba aliituma. Tuiache.

Disiki ya kwanza, basi. Mwaka 1973 kundi linaitwa bado Far Out, na albamu inaitwa Nihonjin, maana yake Wajapani. Ina nyimbo mbili peke yake, moja kila upande: "Too Many People" na "Nihonjin". Mkubwa wa kundi ni Fumio Miyashita, mwimbaji na mpiga gitaa na vinanda. Muweke huyo jina ndani ya kichwa, juu watu wengi wanaoandika kuhusu haya mambo wanamusahau. Albamu hii ni ya polepole sana. Pink Floyd wamo ndani, hakuna siri, na mtu wa haraka atachoka. Lakini upande wa pili unapoanza kupanda, unapanda kwelikweli, kwa subira ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Mimi nina CD yake tu, ya jalada la karatasi sawa disiki ya zamani iliyopunguzwa, pamoja na obi yake. Obi ni ule mkanda wa karatasi ambao Wajapani wanauzungusha ku jalada, wenye maandishi ya kutangaza. Wanunuzi wengi wa zamani waliutupa, njo maana wakusanyaji leo wanaulilia. Nimeona disiki ileile ikiuzwa kwa bei mbili zenye tofauti kubwa, na tofauti yenyewe ni karatasi hiyo. Nilicheka, kisha nikachunguza CD yangu kama mkanda wake haukupasuka.

Miyashita akaanzisha kundi jipya na watu wapya: Hirohito Fukushima ku gitaa, Akira Ito na Masanori Takahashi ku vinanda, Akira Fukakusa ku gitaa la besi, Shizuo Takasaki ku ngoma. Mwaka 1975 wakatoa albamu ambayo kwa Kiingereza inaitwa The Cave Down to Earth. Jina la Kijapani ni tamu zaidi: Chikyu Kudo Setsu, yaani nadharia kwamba dunia ni tupu ndani, ile imani ya zamani ya watu waliofikiri kwamba chini ya miguu yetu kuna inchi nyingine na kwamba mlango wake uko kaskazini. Njo maana kuna wimbo unaoitwa "Undiscovered Northern Land". Albamu yote imefuata hiyo safari: pango, mungu wa maji, upepo, na mwishoni roho kuhama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine.

Naipenda albamu hii kuliko inavyostahili. Sauti yake imejaa moshi, vinanda vinakanyagana, na kuna fasi mbili au tatu ambapo sauti za mashine za angani zimewekwa tu juu mashine zilikuwepo. Lakini Miyashita anaimba kwa lugha yake, taratibu, sawa mtu anayeongea na watu wa nyumbani ambao hawana haja ya kuelezwa. "The God of Water" ni wimbo mdogo wa namna hiyo. Hautaki kumushangaza mtu yeyote.

Sasa tunafika ku disiki iliyonifanya niandike.

Mwaka uleule kundi lilikutana na Klaus Schulze, Mjerumani, aliyekuwa mpiga ngoma wa Tangerine Dream ku albamu yao ya kwanza, kisha akaacha ngoma akawa bwana wa sintetiza. Wakatengeneza pamoja naye albamu inayoitwa Nipponjin. Ilitoka pia Ujerumani, chini ya lebo ya Vertigo, na ku jalada iliongezwa maneno ya Kiingereza: Join Our Mental Phase Sound. Yaani wasikilizaji wanakaribishwa waingie ndani ya sauti yao ya akili, au kitu sawa hicho, maana hata kwa Kiingereza hayasimami vizuri.

Nilipoipata nilifurahi kama mtoto. Ni hiyo peke yake niliyo nayo ya chapa ya kwanza, disiki kubwa ya kweli. Binamu yangu wa Liège aliikuta ndani ya sanduku la vitu vya zamani, na bei ilikuwa ya kawaida. Niliiweka ku platini ya baba mdogo, ambayo mkanda wake nimeukata ku mpira wa ndani wa baiskeli, na kwa hiyo inazunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Nikakaa. Wimbo wa kwanza: "Nihonjin". Nikasema, huu ninao. Kisha pango. Ninalo. "Undiscovered Northern Land". "The God of Water". "Mystery of Northern Space". Zote ninazo. Ilikuwa sawa kufungua zawadi na kukuta shati lako mwenyewe, limefuliwa na kupigwa pasi.

Nilikasirika, na kwa miezi sikuirudilia. Kisha nikafanya kazi ambayo mkusanyaji tu anaweza kuifanya, na ambayo kwangu inatosha kutetea ugonjwa huu wote. Niliweka wimbo uleule wa albamu mbili, mmoja nyuma ya mwingine, jioni nzima. "Nihonjin" ya 1973 na "Nihonjin" ya 1975. Mungu wa maji wa kwanza na mungu wa maji wa pili. Ukizisikiliza hivyo unaona kilichobadilika. Moshi umefagiliwa. Kila kinanda kimepewa kiti chake. Ule wimbo uliojaza upande muzima wa disiki umepunguzwa, na mlima umekuwa kilima chenye ngazi. Kila kitu kimekuwa wazi, na ndani ya uwazi huo kuna kitu kimepotea: huyu mtu anayeimba haongei tena na watu wa nyumbani. Anaongea na wageni waliokaa ku viti vya mbele.

Tazameni jina. Albamu ya 1973 ni Nihonjin, ya 1975 ni Nipponjin. Kwa maandishi ya Kijapani ni herufi zilezile, maana ni ileile. Ila kusoma kuko namna mbili, na Nippon njo namna yenye suti na tai. Nippon njo inaandikwa ku noti za benki yao. Nilipochukua tena ile bahasha iliyovuka Rusizi, nikaangalia stempu: NIPPON, kwa herufi kubwa za kizungu. Jina la nyumbani likawa jina la stempu. Sijui kama Miyashita alikusudia hivyo. Disiki yenyewe njo inasema.

Na jina la kundi? Far East, Mashariki ya Mbali. Mbali na wapi? Mtu wa Tokyo akiamka asubuhi hayuko mbali na kitu chochote, yuko kwake. Ni mtu wa London au wa Berlin njo anaweza kusema Tokyo iko mbali na iko mashariki. Vijana hawa walijiita kwa jina walilopewa na mtu aliyesimama fasi nyingine. Ninyi wa Kivu mnaosoma haya, musicheke haraka. Sisi tunaitwa watu wa "Est". Ukienda Kinshasa, unaulizwa habari za "Est". Sisi wenyewe ku mikutano tunasema "sisi watu wa Mashariki", na hatujiulizi aliyesimama wapi njo alitupima. Bukavu iko mashariki ya Kinshasa, ni kweli. Lakini iko magharibi ya Cyangugu, na pale unafika kwa miguu.

Kwa hiyo swali langu kwa disiki hii lilikuwa: je, ukishajiita kwa jina la mgeni, ukamkaribisha mgeni apange vinanda vyako, bado unaweza kutoa kitu chako? Nipponjin ilinijibu hapana. Nilikuwa tayari kufunga sanduku, na kuandika ku ukurasa huu kwamba Mjerumani aliwaharibu.

Parallel World ilinikatalia.

Albamu hii ni ya mwaka 1976. Waliirekodi Uingereza, ku studio ya The Manor, nyumba kubwa ya kijijini karibu na Oxford, ileile ambamo Mike Oldfield alirekodi Tubular Bells. Schulze yuleyule yupo, safari hii ni prodyusa wa kazi yote. Nyimbo zina majina ya Kiingereza isipokuwa moja. Kwa hesabu yangu ya Nipponjin hii ingekuwa mbaya zaidi: wako mbali zaidi na nyumbani na mgeni ana nguvu zaidi. Kumbe hapana. Ni disiki yao bora, na kwangu ni moja ya disiki bora za roki za muongo ule. Julian Cope, mwanamuziki Mwingereza aliyeandika kitabu Japrocksampler mwaka 2007, ameisifu sana. Katika hilo tunaelewana, ingawa mimi nina sababu zangu.

Ya kwanza: hakuna wimbo uliorudiliwa. Ku Nipponjin Schulze alipewa nguo za zamani azinyooshe. Ku Parallel World walikuwa ndani ya nyumba moja na muziki haujakuwepo bado. Hakuna cha kutafsiri. Upande wa kwanza unafunguliwa na "Metempsychosis", ngoma na sauti za mashine, dakika tano hivi, hakuna mtu anayejieleza. Kisha "Entering", karibu dakika 16, ambayo inaingia polepole kama jina lake. Upande wa pili ni wimbo mmoja, "Parallel World", karibu nusu saa.

Watengenezaji wa disiki wanajua kwamba nusu saa ni mingi sana ku upande mmoja. Mistari ya disiki inabidi ibanane, na ikibanana sauti inapungua nguvu. Kwa hiyo ili usikie upande huu ku disiki yenyewe unaongeza sauti, na ukiongeza sauti unasikia pia kila punje ya vumbi. Kuna watu wanatafuta chapa ya kwanza kwa bei ya pikipiki, halafu CD ya kawaida inasikika vizuri zaidi. Ninasema hivyo na najua nitatukanwa. Mimi ninayo CD, na adui yangu hapa siyo vumbi bali umeme: nusu saa bila kukatwa, ku mtaa wetu, ni bahati. Nimeshasikia mwanzo wa "Parallel World" labda mara hamsini, na mwisho wake labda kumi na tano.

Ndani ya hiyo nusu saa hakuna anayeongoza. Gitaa la besi linashika kitu kimoja na kukirudia, ngoma inazunguka, na vinanda vya watu watatu vinapita juu, kimoja kinaondoka, kingine kinafika. Schulze alichofanya ni kuwaacha. Kurudiarudia ni kazi yake aliyoijua vizuri, na aliwapa ruhusa ya kurudia mpaka kitu kibadilike chenyewe. Hawamwonyeshi mtu Ujapani. Hakuna pango wala mungu wa maji aliyetolewa nje asalimie watalii. Na sababu hawajaribu tena kuwa Wajapani mbele ya mtu, njo wanasikika kuwa wao wenyewe. Ilibidi waende mpaka kijiji cha Uingereza ili waache kuwa Mashariki ya Mbali.

Ule wimbo mmoja wenye jina la Kijapani ni "Kokoro", kati ya "Entering" na mwisho wa upande wa kwanza. Wapenzi wengi wa muziki huu wanauona dhaifu, wimbo wa kawaida uliopotea katikati ya safari. Mimi naupigania. Kokoro ni neno ambalo Mfaransa anahitaji maneno mawili kulitafsiri, moyo na akili pamoja. Sisi tuko na "roho", ambayo inauma, inawaza, inakasirika, inatulia, na inakataa chakula. Ule wimbo unahitaji neno la namna hiyo. Miyashita anauimba bila kujificha, na baada ya dakika nyingi za mashine sauti ya mtu inafika sawa mtu anayegonga mlango usiku.

Na Kitaro je? Wauzaji wanabandika jina lake ku kila CD ya kundi hili, na herufi ni kubwa kuliko za jina la kundi. Naelewa, wanataka kuuza. Lakini ni kosa la kusikiliza, siyo la biashara tu. Ukiingia ukimutafuta Kitaro utasikiliza kama mpelelezi, ukisubiri upepo wa hariri, na utapita mbele ya Miyashita, aliyeanzisha kila kitu, bila kumsalimia. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili. Nilikuwa namutafuta kijana mmoja ndani ya umati.

Nilimpata bila kumtafuta. Mama alikuja kukaa kwetu wiki tatu kwa sababu ya macho yake. Siku ya Jumapili niliweka "Parallel World", yeye akiwa ku kiti karibu na dirisha anachambua maharagi. Hakusema kitu kwa sehemu zenye ngoma, na mama hana aibu ya kusema. Halafu ngoma zikanyamaza, ikabaki ile sauti ndefu. Akasimamisha mikono. Akauliza: "Nani amekufa?"

Hajui Kitaro ni nani, na sikumueleza. Nikamjibu, hakuna mutu, mama, ni muziki tu. Akaendelea na maharagi.

Ya mwisho, Tenkujin, ya mwaka 1977, ilitoka Marekani ku lebo ya All Ears. Takahashi, Ito na Takasaki walikuwa wameshaondoka. Nyimbo ni fupi zaidi, safi zaidi, zimepakwa rangi vizuri. Kuna moja inaitwa "From Far East", na mimi niliposoma jina hilo nyuma ya jalada nilichoka mbele ya kusikiliza. Wamerudi ku stempu. Siyo disiki mbaya, mtu anaweza kuiweka wageni wakila. Mtu aliye na makuta ya disiki nne tu, aache hii.

Baada ya hapo Miyashita aligeukia muziki wa kutuliza wagonjwa na kuufanya mpaka alipokufa mwaka 2003. Takahashi akawa Kitaro. Schulze alikufa mwaka 2022. Wawili waliokuwa ndani ya kundi moja la kelele walimaliza kwa kutengeneza muziki wa kulaza watu, na mimi sioni kwamba walibadilika sana. Ku Parallel World tayari walikuwa wanajua kunyamaza.

Mukubwa wangu, njo jibu. Ulitaka la mstari mmoja na nimekupa hili. Ukija nyumbani nitakuwekea zile "Nihonjin" mbili, mmoja nyuma ya mwingine, wewe utaniambia kama mimi naota. Lete mafuta ya jenereta.

Mwenzetu wa Japani anarudi mwezi wa kumi na mbili. Ameniandikia juzi kutoka Shinjuku kwamba ameona The Cave Down to Earth, disiki kubwa ya 1975, obi iko, jalada lina kona moja iliyokunjika. Akaniandikia bei. Nilimuomba apige picha ya ile kona.